Tanganyika: Nchi Iliyovishwa Jina la Ziwa

Muulize Mtanzania yeyote wa Bara maana ya jina Tanganyika, jibu litakuja haraka: tanga na nyika. Kuna wanaosema ni Tanga, ule mji wa mkonge, ukaunganishwa na nyika iliyo nyuma yake. Kuna wanaosema ni tanga la chombo, kwa hiyo jina zima ni tanga lililotwekwa nyikani. Tulifundishana hivyo shuleni na tunaendelea kufundishana hivyo kwenye simu. Ni maelezo matamu, kila Mswahili anayaelewa bila kufungua kamusi, na ndiyo maana hayafi.

Ila hayasimami. Tuanze na sarufi. Kiswahili kikiunganisha majina mawili, la mwanzo ndilo kuu na la pili linaeleza tu: mbwamwitu ni mbwa, askari kanzu ni askari. Basi Tanganyika ingekuwa aina ya tanga, na sidhani kama kuna anayemaanisha hivyo. Anayekimbilia mji wa Tanga ana kazi kubwa zaidi, maana jina hili lilikuwa la maji kabla halijawa la nchi, na maji yenyewe yako upande wa pili kabisa, mpakani na Kongo. Richard Burton na John Speke walipofika Ujiji Februari 1858 walikuta ziwa linaitwa Tanganyika. Walikuwa wamefuata njia ya misafara kutoka pwani ya Mrima, wakapita Kazeh, yaani Tabora ya leo. Tanga haikuwa mlango wa njia hiyo. Mvuvi wa Ujiji angeliita ziwa lake kwa jina la bandari ile kwa sababu gani?

Burton mwenyewe aliandika maana aliyoipata: Tanganyika ni mahali pa kukutania, mahali maji yanapoungana. Akalitoa kwenye kitenzi alichokiandika *ku tanganyika*. Msomaji wa Mombasa au Lamu akifika hapa atatabasamu, kwa sababu kwake hilo si fumbo. Kimvita husema tini pale Kiunguja kisemapo chini, husema mato pale penye macho, kitwa pale penye kichwa, na tanganya pale penye changanya. Kutanganyika ni kuchanganyika. Kwa mzani huo, Tanganyika na Changanyikeni, ule mtaa wa Dar es Salaam ulio jirani na Chuo Kikuu, ni ndugu wa damu. Maelezo haya yana nguvu kuliko ya tanga na nyika. Sarufi yake inakubali. Yanafaa umbo la ziwa, ambalo linapokea Malagarasi kutoka mashariki na Rusizi kutoka kaskazini. Tena yaliandikwa kabla mtu yeyote hajawa na sababu ya kisiasa ya kuyatunga.

Hata hivyo nina shaka nayo. Burton hakuwa anazungumza na wavuvi peke yake. Msafara wake ulijaa watu waliotoka pwani na Unguja, na masikio yao yalikuwa ya Kiswahili. Mswahili akisikia neno geni linalofanana na kitenzi chake, atalipa maana ya kitenzi hicho papo hapo, kama sisi tunavyolipa tanga na nyika. Miaka 18 baadaye, mwaka 1876, Henry Morton Stanley alilifuatilia jina hilo akiwa Ujiji, na wenyeji hawakuwa na uhakika. Walikisia tu kwamba huenda ni ziwa kubwa lililotandaa kama uwanda. Stanley akagundua pia kwamba makabila mengine ya kando ya ziwa yana majina yao, akayaandika alivyoyasikia: Kimana, Yemba, Msaga.

Hilo la Yemba ndilo linalonivutia. David Livingstone alipofika kwenye maji hayo kutokea kusini, Aprili 1867, alielezwa kwamba lile ni Liemba. Akaliandika hivyo, akidhani ni ziwa jingine, na ilichukua muda kubainika kwamba alikuwa amesimama kwenye ncha ya kusini ya Tanganyika. Liemba haikufa. Wajerumani waliposhindwa kulitetea ziwa mwaka 1916, waliizamisha meli yao, Graf von Götzen, isiangukie mikononi mwa adui. Ikaopolewa mwaka 1924, na iliporudi kazini mwaka 1927 Waingereza waliiita Liemba. Kwa miongo mingi, basi, jina moja la ziwa limekuwa likielea juu ya jina jingine la ziwa lilelile. Waliowahi kupanda MV Liemba wanakumbuka jinsi ilivyokuwa ikisimama mbali na vijiji visivyo na gati. Mitumbwi ilikuwa ikiijia ubavuni gizani, watu wakirukia ngazi, magunia ya dagaa yakipandishwa na mananasi yakishushwa, makelele kwa Kiha, Kifipa, Kibembe na Kiswahili. Sijui kama kuna aliyekuwa akifikiria ubao wenye jina pale mbele.

Ziwa lenyewe lina urefu wa kilomita zipatazo 670 na kina cha mita 1,470; duniani ni Baikal pekee linalolizidi kina. Hakuna kabila lililokuwa likikaa kulizunguka lote, hivyo hakuna kabila lililohitaji jina la lote. Mtabwa alihitaji jina la maji yake, Mfipa la kwake. Anayehitaji jina moja la ziwa zima ni yule anayelivuka: mfanyabiashara, mpagazi, na baadaye mchora ramani. Nadhani ndivyo Tanganyika ilivyoyapiku majina mengine. Lilikuwa jina la Ujiji, na Ujiji ndiko misafara ilikokuwa inaishia.

Sasa tuje kwenye nchi, ambako mambo ni ya kushangaza zaidi.

Kabla ya 1920 hakuna mtu aliyekaa Bagamoyo, Iringa au Moshi akajiita Mtanganyika. Nchi zilijulikana kwa watu wake, zikianzia na u: Unyamwezi, Ugogo, Uhehe, Usukuma, Uha, Usambara. Pwani ilikuwa Mrima. Wajerumani walikuwa na jina lao la kiofisi, Afrika Mashariki ya Kijerumani, na ndani yake walitia pia Rwanda na Burundi. Vita Kuu ya Kwanza ilipokwisha, Rwanda na Burundi zikaenda kwa Wabelgiji na Waingereza wakabaki na sehemu kubwa iliyosalia. Hawakuweza kuendelea kuiita ya Kijerumani, na jina mbadala hawakuwa nalo.

Likatafutwa London, kwenye Wizara ya Makoloni. Kuna aliyependekeza Smutsland, kumuenzi Jenerali Jan Smuts wa Afrika Kusini aliyewafukuza Wajerumani kwenye reli na milima yetu, likaonekana halipendezi. Yakaja Eburnea, New Maryland, Windsorland (familia ya kifalme ilikuwa ndiyo kwanza imejibadili jina kuwa Windsor), na Victoria, kwa ajili ya ziwa la kaskazini. Waziri akasema hapana, anataka jina la kienyeji linalofungamana na nchi yenyewe. Zikatajwa Kilimanjaro na Tabora, zote zikakataliwa. Ndipo likapatikana Tanganyika. Hata hapo kulikuwa na marekebisho: pendekezo la kwanza lilikuwa kuiita nchi lindwa, ofisa mmoja wa ngazi ya chini akakumbusha kwamba hii ni nchi ya udhamini wa Shirikisho la Mataifa, hivyo neno *Territory* linafaa zaidi. Mwaka 1920 jina likaingia kwenye nyaraka.

Kwa hiyo tulikoswakoswa kusherehekea Uhuru wa Smutsland.

Tazama walichokifanya. Walitaka jina la kienyeji, wakachukua jina la kitu kilicho ukingoni kabisa mwa nchi, kitu ambacho sehemu yake kubwa zaidi ni ya jirani. Leo Kongo ina takriban asilimia 45 ya ziwa, Tanzania asilimia 41, na Burundi na Zambia zinagawana kilichobaki. Wakazi wengi wa nchi iliyopewa jina hilo hawakuwahi kuyaona maji yale. Wakati huo mtu wa Lindi kuitwa kwa jina la ziwa la Kigoma kulikuwa na maana ndogo sana kwake.

Lakini hapa ndipo ninapotofautiana na wanaodharau jina hili kwa sababu ya asili yake ya kikoloni. Ugeni wake ndio uliolisaidia. Lingechaguliwa Tabora, lingekuwa la Wanyamwezi, na lingechaguliwa Kilimanjaro, Wachaga wangekuwa wameula. Tanganyika halikuwa na u- mbele yake, wala kabila nyuma yake. Kila mtu lilikuwa geni kwake kwa kiasi kilekile. Wanasiasa wa Kiafrika walilipokea vile lilivyo, wakalitia nyama. Chama cha Waafrika kilichoanzishwa Dar es Salaam mwaka 1929 kilifika 1948 kikijiita Tanganyika African Association, TAA. Tarehe 7 Julai 1954 TAA ikawa Tanganyika African National Union, TANU. Nyerere alipokwenda New York mwaka 1955 kuzungumza mbele ya Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa, alizungumza kwa niaba ya watu wa nchi yenye jina lililotoka kwenye majalada ya London miaka 35 tu nyuma, na hakuna aliyemuuliza maana yake. Waliolipa senti zao za kadi ya TANU Masasi, Kahama na Songea ndio waliofanya kazi ambayo wizara ile isingeweza kuifanya.

Nje ya nchi jina lilishika maana nyingine. Kwa Mwingereza wa miaka ya 1950, Tanganyika ilimaanisha karanga: ule mpango wa Kongwa, Nachingwea na Urambo ulioanza 1947 na kufutwa 1951, ukiwa umemeza mamilioni ya pauni. Kwa wasomi wa saikolojia, hadi leo, Tanganyika ni kile kicheko cha kuambukizana cha wasichana wa shule ya Kashasha, Bukoba, mwaka 1962. Kwa wafugaji wa samaki wa mapambo Ulaya na Marekani ni ziwa lenye samaki wa rangi wasiopatikana kwingine. Hao watu hawajui kama iliwahi kuwepo nchi.

Nchi yenyewe ilidumu muda mfupi. Uhuru 9 Desemba 1961, jamhuri mwaka mmoja baadaye, na tarehe 26 Aprili 1964 ikaungana na Zanzibar. Mwanzoni Muungano ulibeba majina yote mawili kwa urefu wake, kisha Oktoba mwaka huohuo likatangazwa jina Tanzania. Tanganyika ikabaki silabi moja, Tan, ambayo wageni wengine huitamka kana kwamba ni tan ya Kiingereza, ya kuota jua.

Cha ajabu ni kwamba jina halikuondoka. Kwa karibu miaka 13 baada ya nchi kufutwa kwenye ramani, Bara iliendelea kutawaliwa na chama chenye neno Tanganyika ndani ya jina lake. TANU haikubadilishwa hadi 5 Februari 1977 ilipoungana na ASP, chama tawala cha Zanzibar, kuzaa CCM. Watu walikuwa wamezoea kusema Tanu kama neno moja, herufi zikawa zimesahau kinachozisimamia. Chama cha mawakili wa Bara kilichoundwa mwaka 1954 bado kinaitwa Tanganyika Law Society. Kawe, Dar es Salaam, watu huelekezana Tanganyika Packers, kilikokuwa kiwanda cha nyama, na siku hizi viwanja vyake vinajulikana zaidi kwa mikutano ya injili. Hata Katiba ya 1977 imeshindwa kulikwepa: ili kueleza Tanzania Bara ni nini, ibara ya 151 inalazimika kusema ni eneo ambalo zamani lilikuwa la Jamhuri ya Tanganyika.

Halafu serikali ikalirudisha jina yenyewe, bila kelele. Mkoa wa Katavi una Wilaya ya Tanganyika, ile iliyokuwa ikijulikana kwa jina la Mpanda. Kuna mkuu wa wilaya ya Tanganyika, kuna halmashauri, kuna muhuri. Wilaya hiyo inafika ziwani, na bandari ya Karema imejengwa huko kwa matumaini ya biashara na Kalemie, ng'ambo. Na Kalemie ni makao makuu ya jimbo la Kongo linaloitwa, tangu majimbo yalipogawanywa mwaka 2015, Tanganyika. Mfanyabiashara anayepakia mchele Karema kuupeleka Kalemie anatoka Tanganyika, anavuka Tanganyika, anashuka Tanganyika. Mkongomani wa huko akikwambia kwa Kiswahili chake kwamba yeye ni mtu wa Tanganyika hana habari na Nyerere wala Karume, anakutajia kwao. Ukipima kwa uhalali, dai lake ni zuri kuliko letu: jimbo lake liko ziwani.

Sasa neno lilelile likitoka Katavi na kuingia Dodoma, hali ya hewa inabadilika. Mwaka 1993 kundi la wabunge lililojulikana kama G55 lilidai Serikali ya Tanganyika ndani ya Muungano, hoja ikakubaliwa bungeni, Nyerere akaipinga vikali kwa kalamu na kwa mdomo, na chama kikarudi nyuma. Tume ya Jaji Warioba ilipotoa rasimu ya Katiba mwaka 2013 ikipendekeza serikali tatu, mjadala ukarejea palepale, na mwaka 2014 Bunge Maalumu likazirudisha mbili. Mwaka 2023, wakati wa mzozo wa mkataba wa bandari, Tanganyika ikazuka tena mitandaoni, safari hii ikisemwa na vijana ambao hata wazazi wao wengi walizaliwa ikiwa imeshafutwa.

Ukisikiliza vizuri utagundua hawa wote hawasemi kitu kimoja. Mzanzibari akisema Tanganyika, mara nyingi anamaanisha serikali ya Bara iliyovaa koti la Muungano, mshirika aliyejificha ili asitajwe. Ni lawama. Kijana wa Bara akisema Tanganyika anamaanisha kitu alichonyang'anywa: mwenzake ana rais wake, bendera yake na wimbo wake, yeye ana nini? Ni madai. Kiongozi wa serikali akilisikia analichukulia kama dalili ya kutaka kuvunja Muungano. Mzee wa miaka 80 anaposema Tanganyika, pengine anakumbuka tu stempu na pasi ya kusafiria. Mwenye lawama, mwenye madai na mwenye hofu wanagombana juu ya herufi zilezile, kila mmoja akidhani mwenzake ameelewa.

Wanaodai kurejeshwa kwa Tanganyika hupenda kusema wanarudi kwenye asili. Hapo ndipo hoja yao inapokuwa dhaifu, na wanaidhoofisha wenyewe. Asili ya jina hili, kwa maana ya nchi, ni jalada la London. Limeishi kama jina la nchi miaka 44, kati ya 1920 na 1964, muda mfupi kuliko ambao Tanzania imekwishaishi. Wakitaka kudai kwa haki, wadai kwa mujibu wa kilichofanyika chini ya jina hilo, na hicho hakihitaji tanga wala nyika: kuna chama, kuna uchaguzi, kuna uhuru uliopatikana bila vita, kuna kiti Umoja wa Mataifa kilichokaliwa Desemba 1961. Kuhusu muundo wa serikali mbili au tatu, mimi naweza kushawishiwa upande wowote. Kuhusu jina siwezi, kwa sababu kuna jambo moja ambalo halihitaji tume.

Jambo hilo ni 9 Desemba. Mwaka 2011 mabango rasmi yalisema tunaadhimisha miaka 50 ya uhuru wa Tanzania Bara. Hakukuwa na Tanzania Bara mwaka 1961. Bendera iliyopanda usiku ule uwanjani Dar es Salaam na ile iliyopelekwa kilele cha Kilimanjaro ilikuwa ya Tanganyika. Tanzania Bara ni istilahi ya kisheria iliyokuja baadaye, na haijawahi kuwa koloni la mtu. Mwalimu wa historia anayelazimika kuwaeleza wanafunzi kwamba Tanzania Bara ilipata uhuru miaka mitatu kabla ya Tanzania kuwepo anastahili posho ya mazingira magumu.

Najua pingamizi lililozoeleka: likitamkwa jukwaani, litafufua madai ya serikali ya tatu. Lakini kila tarehe 12 Januari Zanzibar huadhimisha Mapinduzi yake kwa jina lake, viongozi wa Muungano wakiwa jukwaani, gwaride likipita, na kesho yake Muungano unakuwepo. Bango la 9 Desemba linaloandikwa Uhuru wa Tanganyika lingegharimu rangi ileile.